Kivumishi "Nice" na Mzigo wa "-zuri"

Mfasiri akutanapo na kivumishi cha Kiingereza "nice", aghalabu huandika "-zuri" na kupita. Haraka hiyo ina hasara. Asili ya neno hili ni Kilatini "nescius", yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa cha kale, na lilipoingia katika Kiingereza yapata mwaka 1300 lilikuwa na maana ya mpumbavu. Baadaye likamtaja mtu mwenye kuchagua mno, kisha jambo lisilopambanuliwa ila kwa uangalifu. Maana ya kupendeza ilishika nguvu katika karne ya 18, na katika riwaya ya Jane Austen, Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817, Henry Tilney anawadhihaki wanaolitumia kwa kila kitu.

Maana ile ya uangalifu ingali hai katika maandishi ya sheria na falsafa. Hapo "tofauti nzuri" ni kosa, tena la kuchekesha, kwani mwandishi anakusudia tofauti ndogo iliyo ngumu kuibainisha. Hata katika mazungumzo ya kawaida Kiswahili hakina uhaba: chakula ni kitamu, mwenyeji mkarimu, jirani mpole, sauti nyororo. Hali ya hewa, hiyo na iwe nzuri.