Mgombea ndani ya Daladala: Uhakiki wa Taswira ya Runinga katika Kampeni za Urais za Mwaka 2015

Agosti 2015, siku chache baada ya kampeni kuanza, Edward Lowassa, mgombea urais wa CHADEMA aliyeungwa mkono na vyama vya UKAWA, alipanda daladala kutoka Gongo la Mboto kwenda Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam. Kamera zilikuwapo. Safari hiyo inastahili kusomwa kama matini: ina mhusika, mandhari na hadhira, na yapo inayoyanyamazia.

Mhusika hakuwa mgeni machoni pa watazamaji. Alikuwa Waziri Mkuu hadi Februari 2008, alipojiuzulu kutokana na sakata la Richmond, na hadi Julai 2015 alikuwa mwanachama wa CCM. Kwa hiyo kiti cha daladala kilibebeshwa kazi mbili: kufupisha umbali kati ya kigogo na mlalahoi, na kujibu minong'ono kuhusu afya yake. Kazi ya pili ndiyo iliyokuwa nzito, kwani hotuba zake fupi ziliichochea minong'ono hiyo. Mpinzani wake, John Magufuli, aliizunguka nchi kwa barabara na kupiga pushapu jukwaani. Pushapu haina hoja ndani yake. Hata hivyo, mbele ya kamera iligeuka kauli kamili kuhusu mwili wa mtu mwingine ambaye hakutajwa jina. Redio isingeweza kuibeba kauli hiyo. Mtangazaji angelazimika kuisimulia, na ikishasimuliwa inachekesha zaidi ya kushawishi.

Tafiti nyingi za uwanja huu huanzia kwenye mdahalo wa Kennedy na Nixon wa mwaka 1960, zikirudia kwamba wasikilizaji wa redio walimpa ushindi Nixon ilhali watazamaji walimpa Kennedy. Vancil na Pendell walionyesha mwaka 1987 kwamba ushahidi wa dai hilo ni dhaifu. Jaribio la Druckman la mwaka 2003, lililotumia rekodi za mdahalo huohuo, lina uzito zaidi: waliotazama waliegemea haiba ya wagombea kuliko waliosikiliza tu. Lakini hata matokeo hayo hayahamishiki Tanzania bila tahadhari. Magufuli na Lowassa hawakuwahi kukabiliana katika mdahalo. Mtazamaji wa mwaka 2015 hakulinganisha jibu na jibu. Alilinganisha picha na picha, kila moja ikiwa imepangwa na upande wake.

Hapo ndipo Chanika inapokuwa na umuhimu. Kwa mtazamaji wa Mwanza au Mbeya, daladala ile ni ishara ya jumla ya maisha ya mnyonge. Kwa mkazi wa Chanika ni njia anayoijua kwa kugombania siti alfajiri, kwa foleni, kwa sauti ya konda. Anaweza kuuliza swali ambalo mtazamaji wa mbali halimjii: abiria waliosimama wako wapi? Picha inaonyesha safari moja. Yeye huirudia kesho yake. Nadharia inayomchukulia mpigakura kama chombo kitupu kinachojazwa na skrini inaporomoka mbele ya mtazamaji wa namna hii, ambaye ni mhakiki kabla mhakiki hajafika.

Isidhaniwe, kwa upande mwingine, kwamba daladala ilileta kura. Jimbo la Ukonga, ambamo Chanika imo, lilichukuliwa na Mwita Waitara wa CHADEMA. Lakini vyama vya UKAWA vilishinda majimbo 6 kati ya 10 ya Dar es Salaam, yakiwamo Kinondoni na Temeke, ambako basi lile halikupita. Mtafiti anayeunganisha safari ya Chanika na sanduku la Ukonga anafanya kosa lilelile la mpangaji wa kampeni: anaamini kwamba kilichoonekana ndicho kilichotenda.

Tarehe 25 Oktoba 2015 wananchi walipiga kura. Magufuli alitangazwa mshindi kwa asilimia 58.46 dhidi ya 39.97 za Lowassa. Kuhusu mwili, jambo ambalo picha zote mbili zilidai kulithibitisha, kumbukumbu zilizofuata ni chache na hazihitaji kamera. Magufuli alifariki dunia akiwa madarakani tarehe 17 Machi 2021, akiwa na umri wa miaka 61. Lowassa alifariki tarehe 10 Februari 2024, akiwa na miaka 70.