Mjumbe Hauawi

Wahenga walisema mjumbe hauawi. Nadhani walimfikiria mjumbe aliyetumwa kwa adui. Hawakumfikiria yule anayeiogopa nyumba aliyotoka kuliko nyumba anayokwenda. Kitabu cha Henry Kyemba, A State of Blood, kilichotolewa mwaka 1977, kinatufundisha mengi juu ya watu wa namna hiyo, ingawa mwandishi mwenyewe hakuwa balozi. Alikuwa katibu wa Obote, kisha wa Idi Amin, kisha waziri. Mwezi Mei 1977, akiwa Waziri wa Afya, alikwenda Geneva kwenye mkutano wa Shirika la Afya Duniani na hakurudi tena kwa bwana wake.

Msomaji wa Mbulu au Hanang hawezi kukisoma kitabu hiki kama habari za nchi ya mbali. Vita vya Kagera vilipozuka mwaka 1978 tulikuwa bado katika Mkoa wa Arusha, na vijana wetu walikwenda pamoja na wa mikoa mingine, askari na mgambo, hadi Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979. Kwa hiyo swali tunalomwuliza Kyemba ni kali kidogo. Wale waliokuwa wakimsemea Amin huko nje, kwa Kiingereza safi na suti zilizonyooshwa, walijua nini, na walikijua lini?

Sehemu iliyo bora katika kitabu ni ile ya Hospitali ya Mulago. Mwaka 1976 Dora Bloch, mwanamke mzee aliyekuwa katika ndege ya Ufaransa iliyotekwa na kupelekwa Entebbe, alikwamwa na chakula akapelekwa Mulago. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israel wakavamia uwanja na kuwachukua mateka. Bibi yule akabaki kitandani. Siku hiyohiyo ofisa wa ubalozi wa Uingereza, Peter Chandley, alifika, akamwona yu hai, akaenda kumtafutia chakula. Aliporudi alizuiwa mlangoni. Serikali ya Uganda ikatangaza kwamba mgonjwa alikuwa amekwisha kurudishwa Entebbe kabla ya uvamizi, kana kwamba ofisa yule aliongea na kivuli. Kyemba, aliyekuwa waziri mwenye hospitali ile, anaeleza jinsi alivyoburutwa akapelekwa kuuawa. Uingereza ilivunja uhusiano na Uganda tarehe 28 Julai mwaka huohuo, na mabaki ya marehemu yalipatikana mwaka 1979, baada ya Amin kukimbia.

Nimeisoma sehemu hii zaidi ya mara moja, na kila mara ninasimama kwa Chandley. Hakutoa hotuba yoyote. Alikwenda kumtazama mgonjwa, basi, na kwa kumtazama tu aliuharibu uongo wa dola nzima. Upande wa pili walikuwapo wajumbe wa Uganda waliopaswa kuyasema yale yale yaliyoandikwa Kampala. Mwaka uliotangulia, tarehe 1 Oktoba 1975, Amin alikwenda New York akiwa mwenyekiti wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Alisema kidogo kwa Kiganda, kisha balozi wake akaisoma hotuba kwa Kiingereza, pamoja na yale maneno ya kutaka taifa la Israel lifutwe. Ningependa sana kujua mtu yule alilala vipi usiku ule.

Si wa Uganda peke yao, tuseme kweli. Julai 1975 wakuu na mawaziri wa Afrika walikusanyika Kampala wakamkabidhi Amin uenyekiti. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Wengine walikula karamu.

Kyemba ni dhaifu pale anapojieleza. Alibaki na Amin zaidi ya miaka sita. Ndugu yake mwenyewe aliuawa, naye akaendelea kwenda ofisini. Utetezi wake ni kwamba anayejiuzulu hufa, na jamaa zake huumia. Siudharau utetezi huo. Michael Ondoga, aliyewahi kuwa balozi Moscow, aliondolewa kwenye uwaziri wa mambo ya nje mapema mwaka 1974, na mwili wake ukaokotwa katika Mto Nile. Lakini mtangulizi wake, Wanume Kibedi, shemeji wa Amin, alikwisha kubaki ng'ambo tangu 1973, na akasema hadharani aliyoyajua. Njia ilikuwapo, na ilikuwa ghali.

Aliyekalia kiti cha Ondoga ni Elizabeth Bagaya, binti wa mfalme wa Toro na mwanasheria. Mwishoni mwa 1974 Amin alimfukuza kwa kumzulia kisa cha aibu katika uwanja wa ndege wa Paris, na mwaka 1975 akatorokea Kenya. Kitabu chake, African Princess, cha 1983, kina nguvu kinapotetea heshima yake, na alistahili kuitetea. Ila kuhusu kiti chenyewe, kilichokuwa bado na joto la marehemu, mimi nilitaka kurasa nyingi zaidi.

Labda sisi wa Hanang tuna sababu yetu ya kuwashuku watu wanaoandika taarifa kutoka mbali. Mashamba ya ngano ya Basotu, yaliyosaidiwa na Kanada, yalimeza karibu ekari 100,000, na kwenye makaratasi malisho ya Wabarabaig yalionekana kama ardhi iliyokaa bure. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, Mahakama Kuu ikakipa haki, na Mahakama ya Rufani ikaitengua mwaka 1985. Kanada si Uganda ya Amin, wala mhandisi wa ngano si muuaji. Nasema tu kwamba ofisa aliyetaka kujua angeweza kushuka garini akamwuliza mchungaji wa ng'ombe.

Ndiyo maana, pamoja na lawama zangu, nampa Kyemba nafasi ya juu kuliko wenzake wote waliokaa kimya. Alichelewa, lakini alipotoka alitoka na majina, vyeo na mahali. Museveni aliposhika madaraka mwaka 1986, Bagaya alipelekwa Washington na Kibedi Umoja wa Mataifa. Yule aliyeisoma hotuba ya New York bado tunamdai kitabu.