"Refugee": neno lililosahau kimbilio lake



Katika mazungumzo yetu hapa ughaibuni kuna neno ambalo wengi wetu hulikwepa kama mtu anavyomkwepa mdai wake. Ukimuuliza mwenzio alikujaje nchi hii, atakwambia alikuja kusoma, au alikuja kwa ndugu yake, au alikuja kutafuta maisha. Kusema kuwa alikuja akiwa mkimbizi, hilo halimtoki, na watoto nao huonywa wasiliseme skuli. Neno la Kiingereza, "refugee", limekuwa kwetu kama tusi. Hata hivyo neno hili lina historia yake, na anayeijua ataona kwamba aibu tunayoibeba si ya neno lenyewe. Imeongezwa njiani.

Asili yake ni Ufaransa. Mwaka 1598 Mfalme Henri IV alitoa Amri ya Nantes, iliyowapa Waprotestanti wa nchi hiyo, waliojulikana kama Huguenots, haki ya kuabudu kwa masharti maalumu. Mwaka 1685 mjukuu wake, Louis XIV, akaifuta. Makanisa yao yakavunjwa, wachungaji wao wakafukuzwa, na waumini wa kawaida wakakatazwa hata kuihama nchi. Wakahama kwa siri. Inakadiriwa kuwa kiasi cha watu 50,000 walifika Uingereza, na ndipo neno la Kifaransa "réfugié" lilipovuka bahari pamoja nao. Waingereza wakalichukua, wakalibadilisha mwisho wake kidogo, likawa lao.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Limetokana na "refuge", yaani kimbilio, na nyuma yake kuna kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kukimbia. Lakini kwa sarufi ya Kifaransa "réfugié" ni mtu aliyekwisha kupata hifadhi. Safari imemalizika, yuko ndani, na mlango umefungwa nyuma yake. Kiswahili kimeshika upande wa pili. "Mkimbizi" limetokana na kukimbia, na halituambii kama mtu huyo amefika popote. Tunayo "kukimbilia" na "kimbilio", maneno mazuri yanayoonyesha mtu anakwenda wapi, lakini hatukumpa jina kutokana na hayo.

Kwa Waingereza wa wakati ule, "refugee" hakuwa mtu yeyote tu mwenye dhiki. Alikuwa Mfaransa huyu, mfumaji wa hariri wa Spitalfields, sonara au fundi wa saa. Tusidanganyane kwamba alipokewa kwa ngoma. Wafumaji wa London walilalamika kuwa wageni wanachukua kazi na kushusha ujira, maneno tunayoyasikia mpaka leo. Lakini jina lake lilitaja pia dhuluma aliyofanyiwa na msimamo alioushikilia. Sir John Houblon, gavana wa kwanza wa Benki Kuu ya Uingereza mwaka 1694, alitoka katika ukoo wa Waprotestanti waliokimbilia nchi hiyo kabla ya hapo. Sura yake iliwekwa kwenye noti ya paundi 50 iliyotolewa mwaka 1994, na noti hiyo ilitumika hadi 2014. Ni wangapi walioishika mkononi wakajua kuwa wameshika picha ya mjukuu wa wakimbizi?

Baadaye maana ikaanza kutanuka. Toleo la Encyclopaedia Britannica la mwishoni mwa karne ya 18 lilieleza kwamba neno sasa linatumika kwa kila anayeihama nchi yake wakati wa dhiki, na likawataja wale wa Marekani waliohama kwa sababu ya uasi wa makoloni. Mwaka 1914 Wabelgiji wapatao 250,000 waliingia Uingereza wakikimbia jeshi la Ujerumani. Hapo neno likawa la umati, na picha yake ikawa treni, mabunda na watoto wanaolia.

Hannah Arendt, Myahudi wa Ujerumani aliyefika Marekani, aliligusa jeraha hili katika makala yake "We Refugees" ya mwaka 1943. Alieleza kuwa zamani jina hili lilikuwa la mtu aliyefukuzwa kwa jambo alilolitenda au rai aliyoishikilia. Yeye na wenzake hawakutenda lolote. Walifukuzwa kwa kuzaliwa kwao tu. Kwa hiyo hawakulipenda jina hilo. Aibu tunayodhani ni yetu peke yetu ilikwisha kuandikwa zaidi ya miaka 80 iliyopita.

Kisha sheria ikalishika neno. Mkataba wa Geneva wa 1951 ulilifunga kwenye sababu tano: rangi, dini, uraia, kuwa katika kundi fulani la jamii, na rai ya kisiasa. Tena ulihusu matukio ya kabla ya 1951 tu, mpaka Itifaki ya 1967 ilipoondoa mpaka huo. Waafrika waliona kwamba kipimo hicho hakitoshi. Mkataba wa OAU wa 1969 ukawaongeza wanaokimbia uvamizi, ukaliwaji na machafuko makubwa. Hapo Afrika ililifanya neno hili la Ulaya kuwa pana kuliko walivyoliacha wenyewe.

Lakini neno pana katika sheria laweza kuwa dogo midomoni mwa watu. Mwaka 2005, baada ya kimbunga Katrina, wakaazi weusi wa New Orleans walipinga kuitwa "refugees", wakisema wao ni raia wa Marekani na wanafanywa kama wageni. Walikuwa na haki yao, kwani hawakutoka nje ya nchi yao. Hata hivyo ubishi ule ulifichua kuwa neno limekwisha kusikika kama mtu asiye na kwao.

Hapo ndipo lawama yangu ilipo, na sitaiweka kwa magazeti ya wenyeji peke yao. Sisi pia tumekubali tafsiri yao. Mwaka 2001 zaidi ya watu 2,000 walivuka kutoka Pemba hadi Shimoni, Kenya, baada ya mauaji ya mwezi wa Januari. Warundi walikimbia mwaka 1972, na Wakongo wanaendelea kukimbia. Kati yao wamo ndugu na majirani zetu, nasi tunawaficha ndani ya maneno mengine.

Mtoto anayeficha kuwa wazee wake walikuwa wakimbizi huficha pia dhuluma waliyoikimbia, na aliyewadhulumu hushukuru. Tumwambie neno lilivyokuwa lilipozaliwa: mtu aliyetafuta kimbilio, akalipata.