Nasaba Inayoishia kwa Abdallah

Mwaka 2014 Jerzy Zdanowski alichapisha kitabu alichokipa jina la Speaking with Their Own Voices, kuhusu maelezo ya watumwa wa Ghuba waliokimbilia ofisi za Waingereza kutafuta hati za uhuru. Mwaka huohuo ilifunguliwa Maktaba ya Kidijitali ya Qatar, na majalada ambayo zamani yalimlazimu mtafiti kusafiri hadi London yakaanza kusomeka bure popote penye intaneti. Mwaka uliofuata nyumba ya Bin Jelmood, mtaani Msheireb katikati ya Doha, ikafunguliwa kuwa makumbusho ya historia ya utumwa, na Matthew Hopper akatoa Slaves of One Master. Katika muda mfupi hivyo, kitukuu cha Mwafrika aliyeletwa Ghuba kuzamia lulu kikapata vitabu, makumbusho na nyaraka. Kilichokosekana, na kinachoendelea kukosekana, ni namna ya kuzisoma nyaraka hizo.

Jina la kitabu cha Zdanowski linaahidi zaidi ya kinachoweza kutolewa na maelezo yenyewe. Sauti ya mtumwa haimfikii msomaji ikiwa yake peke yake. Mtu aliyezaliwa ndani ya Kiswahili, au Kiyao, au Kinyasa, alisimama mbele ya wakala au karani akaeleza maisha yake kwa Kiarabu alichojifunza utumwani, na kilichohifadhiwa ni Kiingereza cha ofisi. Maelezo yana umbo moja: jina, jina la baba, asili, umri wa kukisia, kuibwa au kurithiwa, kuuzwa, jina la bwana, mateso, na mwisho ombi la hati. Maswali yamefutwa, yakabaki majibu yaliyounganishwa ili yaonekane kama simulizi. Nafsi ya kwanza imo, lakini ni nafsi ya kwanza iliyoshonwa na mkono wa mtu mwingine.

Umbo hilo lilikuwa na sababu zake. Waingereza walikuwa wamekwisha kuipiga vita biashara ya baharini, na mkataba wa 1873 uliotiwa saini na Sayyid Barghash wa Zanzibar ni kilele kimoja cha vita hivyo. Utumwa wa majumbani na wa majahazi ya lulu wa Ghuba, hata hivyo, hawakuwa na haraka ya kuuvunja, kwa kuwa uchumi wa watawala waliofungamana nao ulisimama juu ya lulu. Mkimbizi alipewa nafasi nzuri zaidi alipoonyesha kwamba aliibwa, au kwamba aliteswa kupita kiasi. Yule asiyekuwa na kisa cha namna hiyo alikuwa na kila sababu ya kukisisitiza kile alichokuwa nacho. Hilo si tuhuma ya uongo. Mwombaji yeyote anajua sikio analozungumza nalo, na maelezo haya ni maombi kabla ya kuwa wasifu. Kwa mtu wa Qatar ugumu ulizidi: ingawa mkataba wa 1916 uliuingiza utawala wa Sheikh Abdullah bin Jassim katika himaya ya Waingereza, ofisa wao hakukaa Doha hadi 1949, na mtoro aliyetaka hati ilimbidi kuvuka bahari, mara nyingi hadi Bahrain. Utumwa wenyewe ulikomeshwa nchini 1952, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana.

Mtafiti wa ukoo huanza na jina, na hapo ndipo hati inapomhadaa. Faraj, Mabruk, Almas, Marjan, Firuz: majina haya yamejaa katika majalada ya Ghuba kama yalivyojaa katika pwani yetu, ambako yalikuwa Faraji, Mabruki, Almasi, Marijani na Feruzi. Ni majina ya heri na ya vito, na mara nyingi aliyeyatoa ni bwana wala si baba. Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeongoza misafara ya Burton, Speke na Stanley, alibeba mzazi wake mahali pengine, si katika majina hayo matatu. Gumu zaidi ni neno linalofuata baada ya «bin». Aliyetwaliwa mdogo na kuingizwa katika Uislamu, baba yake asipojulikana kwa waliomtwaa, aliandikwa bin Abdallah, kwa kuwa kila mwanadamu ni mja wa Mungu. Nasaba ya namna hiyo ikipanda hadi kwa Abdallah haijamfikia mtu. Imefikia nafasi tupu iliyovikwa heshima, na karani aliyeuliza «baba yako nani?» aliijaza bila kusita kwa sababu fomu yake haikuruhusu mstari mtupu.

Katika Doha jambo hili halibaki kuwa la wanazuoni. Sheria ya uraia ya 2005 inawatambua kuwa Wakatari wa asili wale waliokuwa nchini kabla ya 1930 na kuendelea kukaa hadi sheria ya 1961, kwa hiyo swali la babu alikuwa wapi na lini lina uzito wa kiserikali. Waachwa huru wengi waliingia katika makabila ya mabwana zao kwa uhusiano wa walaa, wakachukua nisba zao, na vizazi vyao vinaitwa kwa nisba hizo hadi leo. Anayetafuta shajara yake huenda akagundua kwamba jina la kabila linaloilinda heshima ya nyumba yao ndilo alama ya kumilikiwa. Wazee wanaonyamaza wanapoulizwa hawajasahau. Wanajua kuwa swali la asili, katika posa hasa, halijawahi kuulizwa bure.

Fasihi ya Kiswahili imezoea nasaba zinazoteremka kutoka juu. Habari za Pate na Habari za Wakilindi za Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy zinaanza na mwasisi, kisha watawala wanafuatana, na msomaji anaambiwa nani alimzaa nani. Upande mwingine kuna maandishi yasiyosomwa vya kutosha. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha Kiungani, mkusanyiko wa visa vya wavulana wa shule za misheni ya UMCA Zanzibar, wengi wao watoto waliokombolewa majahazini. Hao nao walikuwa na msimamizi na matarajio yake, lakini waliachiwa nafasi ya kuanza nyumbani: kijiji, desturi, vita vilivyokuja, njia ya kwenda pwani. Rashid bin Hassani, Mbisa ambaye simulizi yake imo katika Ten Africans ya Margery Perham ya 1936, alipata kurasa nyingi kuliko mistari kumi na kitu anayopewa mzamiaji lulu. Tofauti kati yao na mtoro wa Bahrain iko katika kilichoulizwa na katika muda wa kujibu, kuliko katika kipaji cha kusimulia.

Ukisoma majalada ya Ghuba baada ya hao, jicho linajifunza kuacha jina na kutazama njia. Alitwaliwa wapi, akapitishwa bandari gani, Sur au kwingineko, nani alikuwa naye? Mara nyingine anatajwa mama, au ndugu aliyeuzwa kwa mwingine, au mwenzake waliyetoroka pamoja. Pwani yetu ina neno la mwenzi huyo, mjoli: mtumwa mwenzako wa bwana mmoja, ambaye si ndugu wala si jirani tu. Kiingereza cha karani hakina neno hilo, hivyo uhusiano uliokuwa ndio ukoo wa pekee wa mtu umebaki kama maelezo ya pembeni. Mtafiti anayemtafuta babu kwa kupanda ngazi za «bin» atapita kando ya wajoli watano waliomfunga kitambaa kichwani alipougua. Kichwa cha Hopper, kinachowaita watumwa wa bwana mmoja, kinalisogelea jambo hili zaidi kuliko cha Zdanowski.

Maktaba ya Kidijitali inastahili shukrani, na inastahili lawama moja pia. Inazungumza Kiingereza na Kiarabu. Muhtasari wa majalada hutanguliza maofisa walioandikiana, na unukuzi uliofanywa na mashine hukosea zaidi pale ambapo karani mwenyewe aliandika kwa kubahatisha sikio: majina ya watu na ya miji ya Afrika. Msomaji wa Kiswahili, anayejua jinsi Kilwa au Bagamoyo inavyoweza kusikika kinywani mwa mtu aliyeondoka huko akiwa na miaka minane, angeweza kuyasahihisha. Hajaalikwa. Wakati huohuo wachezaji wa ngoma ya laiwa katika Ghuba wanaimba maneno ya Kiswahili ambayo wengi wao hawayaelewi tena, na hakuna jalada linalowaunganisha nao.

M. G. Vassanji aliigusa shida hii katika The Gunny Sack, riwaya ya 1989. Salim anarithi gunia la vitu vikuukuu na kuvitoa kimoja kimoja ili kujenga ukoo wa Mhindi Dhanji Govindji, aliyefika pwani zama za Wajerumani zikikaribia. Gunia lina vitabu vya hesabu, kwa hiyo upande wa mfanyabiashara una karatasi. Mama wa mtoto wake wa kwanza, aliyekuwa mtumwa, hana karatasi yoyote, na Salim, ambaye damu ya mama huyo imo mwilini mwake, ana jina lake tu: Bibi Taratibu. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kuwa hilo nalo ni jina la kupewa, wala kwamba hakuna mama aliyemwita binti yake hivyo siku ya kuzaliwa.