Pumzi Moja Kabla ya Kicheko

Basi la kutoka Mwanza likishaipita Shelui, dereva hupunguza gia, na abiria huusikia mlima kabla ya kuuona. Injini inakoroma, viti vinatetemeka, kona ya kwanza inakuja. Huo ndio Mlima Sekenke, ukingo unaoitenganisha mbuga ya Wembere na nyanda za juu za Iramba. Safari iliyopita, runinga iliyoning'inizwa nyuma ya dereva ilikuwa ikionyesha filamu ya King Majuto. Kando yangu alikaa bibi mmoja aliyepakata kikapu cha kuku, na mbele yetu vijana wawili waliokuwa wakirudi chuoni. Majuto alitoa macho, akanyamaza, akageuza shingo polepole. Bibi na vijana wakaangua kicheko kwa pamoja.

Amri Athumani, mwana wa Tanga tuliyemjua kwa jina la King Majuto, alifariki Muhimbili tarehe 8 Agosti 2018. Picha ya filamu ile ya basini ilikwisha kupauka, nguo za waigizaji zilikwisha kupitwa na wakati, na simu waliyoshika ilikuwa ya vitufe. Kicheko hakikupauka. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo kwa kweli nilianza nalo utotoni, chini ya mlima huuhuu: kwa nini kichekesho kimoja huchacha kama uji wa jana, na kingine hukaa miaka na miaka kama asali?

Aliyenifunza kwanza sanaa hii hakuwahi kupanda jukwaani. Alikuwa mzee wa Kinyamwezi aliyekuja Sekenke kutafuta dhahabu baada ya kuchoka na kazi ya utingo. Jioni, makarasha yakishazimwa na vumbi la mawe likishatulia, wachimbaji walikaa kumzunguka, nasi watoto tukijipenyeza katikati ya magoti ya wakubwa. Alikuwa na visa vingi, lakini kilichoombwa kila mara kilikuwa kimoja.

Zamani, kabla ya lami, lori lililosheheni mpunga lilipanda mlima huu kwa mwendo wa kobe. Utingo alitembea nyuma yake akiwa na gogo begani. Lori likizidiwa na kuanza kurudi nyuma, dereva alipiga kelele, naye utingo alilisukumiza gogo chini ya tairi. Basi siku moja, jua la saa nane, mzee wetu akiwa kijana, alifika kona ya tatu miguu ikakataa. Akalitua gogo pembeni mwa barabara. Juu kule dereva akapiga kelele: "Weka gogo!" Akajibu: "Nimeshaweka!" Lori likazidi kurudi. "Umeweka chini ya nini?"

Hapo mzee alinyamaza. Aliangalia magoti yake, akayapapasa kwa viganja, akavuta pumzi moja. Kisha, kwa sauti ya mtu mwaminifu anayetoa ripoti ya kazi: "Chini yangu, bosi."

Nimekisikia kisa hicho pengine mara hamsini. Tulilijua jibu sote, na bado lilitushika bila kujiandaa. Siri ilikuwa katika ile pumzi. Angeifupisha, jibu lingetuangukia akili zetu zikiwa bado juu kule kwa dereva. Angeirefusha, mjanja mmoja angelisema kabla yake. Aliipima kama muuza dhahabu anavyopima punje kwenye mizani yake, na kipimo hicho hakikuwa kilekile kila siku. Watu wakiwa wamechoka alikirefusha kidogo. Wakiwa na furaha ya kupata mawe mazuri alikifupisha, maana kicheko kilikuwa karibu tayari. Alikuwa akitusikiliza sisi kuliko tulivyokuwa tukimsikiliza yeye. Kwangu mimi huo ndio mwanzo wa ufundi wa mchekeshaji: masikio kwanza, mdomo baadaye.

Ufundi huohuo uliingia nyumbani kwetu kwa redio. Radio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na mchezo wa Pwagu na Pwaguzi, majambazi wawili wasiochoka kupanga hila wala kunaswa nazo. Jina lilitoka kwenye methali: pwagu hupata pwaguzi. Redioni hakuna jicho la kutoa wala shingo ya kugeuza. Kuna sauti na kimya tu, na kimya cha redio ni cha hatari, kwani kikizidi kidogo msikilizaji hudhani betri zimekwisha. Waigizaji wale walijua kukitumia hata ukakisikia kikifikiri. Nyumba nzima ilinyamaza pamoja nao.

Kisha barabara ikawekwa lami. Malori yakaanza kuupanda mlima bila mtu wa kutembea nyuma, na watoto wakakua bila kuona gogo begani mwa utingo. Nakumbuka jioni ambayo mzee alifika kwenye "Chini yangu, bosi," wazee wakacheka na vijana wakatazamana. Hawakuelewa gogo lilikuwa la nini. Kichekesho kilikuwa kimeanza kuzeeka mbele ya macho ya mwenyewe.

Alichokifanya baada ya hapo nakihesabu kuwa somo kubwa. Hakuwalaumu vijana, wala hakukitupa kisa chake. Jioni iliyofuata alimwita mmoja wao, akamtwika jiwe kubwa begani, akamwambia alizunguke karasha wakati yeye anasimulia. Kijana akazunguka. Jasho likaanza kumtoka, macho yakaanza kutafuta mahali pa kukaa. Mzee alipofika kona ya tatu, kila mtu pale alikuwa akitamani kijana yule aketi. Gogo lilikuwa limeshaeleweka bila kuelezwa, na mtu aliyechoka kazini anaeleweka kila zama. Kicheko kikarudi, kikiwa kikubwa kuliko zamani.

Sekenke ina mfano wake wa kinachozeeka na kinachobaki. Mgodi wa dhahabu wa hapa ulianza kuchimbwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu, meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani na sarafu zikawa adimu. Wakoloni wale wakachukua dhahabu ya hapa, wakaigonga kuwa sarafu za rupia 15 katika karakana ya reli kule Tabora. Upande mmoja zilikuwa na tembo, upande wa pili tai wa Ujerumani. Mwezi Septemba mwaka huohuo Tabora ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Wabelgiji, na dola iliyogonga sarafu zile haikurudi tena. Lakini sarafu yenyewe inatafutwa na wakusanyaji mpaka leo. Muhuri ulikufa, dhahabu ikabaki.

Kila kichekesho kina muhuri wake na dhahabu yake. Muhuri ni habari za siku: nani ni waziri, wimbo gani unavuma, bei ya sukari imefikia wapi. Dhahabu ni yale tusiyoyaacha nyuma hata tukibadilisha nguo na viongozi, kama uchovu, tamaa, aibu, na hofu ya kuonekana mjinga mbele ya watu. Kundi la Ze Comedy, ambalo baadaye lilikuja kuwa Orijino Komedi, liliisimamisha nchi kila wiki, watu wakiacha vyakula mezani. Mizaha yao mingi juu ya matukio ya wiki ile leo inahitaji maelezo marefu kabla ya kueleweka. Ila mtazame mwenzao Joti akiingia akiwa bibi kizee au mtoto mtundu, hutahitaji kuambiwa mwaka.

Hata hivyo sitaki kuidharau mizaha ya muhuri. Kule Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana watatu wa kundi la vichekesho la Redykyulass, Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, walimwiga Rais Moi hadharani katika nchi ambayo watu walikuwa wamezoea kulitaja jina lake kwa sauti ya chini. Mtoto aliyezaliwa baadaye anaweza kuitazama michezo ile asitabasamu. Mizaha ile ilizeeka baada ya kumaliza kazi yake, kama jembe lililolika kwa kulima. Vichekesho vingine huwekwa akiba, vingine huliwa vikiwa vya moto, na vyote ni chakula.

Kuna vinavyozeeka vibaya, na hivyo tuviseme wazi. Kofi la mume kwa mke lililochekesha ukumbi zamani leo linanikaba koo. Mzaha juu ya kilema cha mtu, au juu ya mshamba anayechekwa kwa sababu tu katoka bara, nao umechacha. Huwa tunasema dunia imekuwa nyepesi kukasirika. Mimi naona sababu ni nyingine: vichekesho hivyo vilimweka mchekeshaji juu na mwenzake chini, na waliokuwa chini wakati ule walikuwa ukumbini pia, wakicheka kwa adabu tu. Leo wamepata sauti ya kusema kwamba hawakuwahi kufurahi.

Mtu atauliza, mbona lafudhi ya kabila jingine imetuchekesha miaka yote? Jibu langu ni Mzee Ojwang' wa Vitimbi, mchezo wa televisheni wa Kenya. Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu, na kwa miongo kadhaa alimwigiza mzee wa Kijaluo kwa lafudhi yake yote. Angeweza kuwa tusi linalotembea. Badala yake Ojwang' alikuwa na heshima yake, hasira zake, mapenzi yake kwa mkewe Mama Kayai na aibu ya kuambiwa amekosea. Wanjau aliingia ndani ya mtu yule akaishi humo. Lafudhi ilikuwa mlango tu, na nyumba ilikuwa na watu.

Kuingia ndani na kukaa chini, huko ndiko wachekeshaji wa mbali nao wanakokutana na wa kwetu. Kiswahili kina neno chale, lenye maana ya mchekeshaji, na mimi silisikii bila kumwona Charlie Chaplin, yule mwana wa London aliyeanza kuigiza filamu mwaka 1914 bila sauti na ambaye hadi leo hahitaji mkalimani. Rowan Atkinson alimleta Mr. Bean kwenye televisheni ya Uingereza tarehe 1 Januari 1990, na katika mabanda yetu ya video watoto wasiojua neno la Kiingereza walimwelewa kuliko walivyomwelewa mwalimu wao. Chaplin ana njaa, Bean ana aibu. Wote wawili wamekaa chini ya mtazamaji, na kutoka huko wanamshika mkono.

Ninayempenda zaidi kati ya Waingereza ni Tommy Cooper, mtu wa miraba minne aliyevaa tarbushi nyekundu, vazi alilolizoea akiwa askari Misri wakati wa Vita Kuu ya Pili. Alikuwa fundi wa mazingaombwe, na sanaa yake ilikuwa kuyaharibu mazingaombwe hayo kwa makusudi. Kuharibu kwa kipimo ni kazi ngumu kuliko kufaulu. Tarehe 15 Aprili 1984, katika ukumbi wa Her Majesty's mjini London, televisheni ikirusha moja kwa moja, moyo wake ulimshinda akaanguka jukwaani. Watu wakacheka. Walidhani ni mchezo wake. Nimelifikiria sana tukio hilo, na siwezi kuwalaumu waliocheka. Kwa miaka mingi aliwafundisha kwamba kuanguka kwake ni zawadi kwao.

Kwetu, kicheko na kifo vina mkataba wa zamani zaidi. Wanyamwezi na watu wa pwani, hasa Wazaramo, waliunga utani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani ana haki msibani ambayo hata ndugu hana. Humwiga marehemu, huzuia kazi ya kuzika mpaka alipwe kitu, huwachekesha waliofiwa wakiwa na machozi mashavuni. Yaleyale yanarudiwa karne baada ya karne, wala hayachoshi, maana yanasimama juu ya undugu. Uchangamfu wa utani hautokani na upya.

Mzee wetu alipofariki, tulimzika kilimani karibu na mashimo aliyoyachimba. Alikuwapo mtani wake, Mzaramo aliyewahi kuharibikiwa na lori hapa miaka mingi iliyopita, akaoa, akabaki. Jeneza lilipokwisha kushushwa, vijana waligeuka kutafuta chepe, hawakuliona. Mtani alikuwa ameketi kando ya kaburi, mikono kwenye magoti. Mzee mmoja akamwuliza kwa upole: "Bwana, chepe umeliweka wapi?"

Hakujibu.

"Umeliweka chini ya nini?"

Mtani aliangalia magoti yake. Akayapapasa kwa viganja. Sote tuliokulia pale tuliitambua pumzi ile, tukaivuta pamoja naye, na kwa muda huo mfupi mzee wetu alikuwa amekaa katikati yetu.

"Chini yangu, bosi."

Mjane ndiye aliyeanza kucheka. Kicheko kikalizunguka kaburi, kikateremka mlimani hadi barabarani, ambako lori lenye shehena lilikuwa likipanda polepole kwenye kona ya tatu, bila mtu nyuma yake.