Mti wa Avatar, mti wa Mwindo, na mjomba wangu wa Bisie

Avatar niliiona mara ya kwanza kule Sake, katika nyumba ya video yenye kutumia jenereta. Tulikaa kwenye mabenchi ya eukaliptusi, na wote mule filimuni walikuwa wanasema Kifaransa. Nilikuwa bado sekondari. Ule mti mkubwa wa Omatikaya ulipoanguka, mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Aa, hiyo ni Bisie!" Chumba kizima kikacheka. Na mimi nikacheka. Sasa nimemaliza chuo, filimu nimeiangalia tena na tena, na kile kicheko bado kinanisumbua. Tulicheka nini?

Tuanze kwa kuipa filimu haki yake. James Cameron aliitoa mwaka 2009, na kuna jambo moja alilolielewa vizuri. Kwenye ile dunia yake ya kubuni, Pandora, watu wanaishi ndani ya mti, na chini ya mti kuna madini ya bei kali. Kampuni inataka madini. Basi mti unapigwa makombora. Mtoto wa Masisi au wa Walikale haitaji mwalimu wa kumfasiria hiyo habari. Bisie ni kilima katikati ya pori la Walikale. Kasiterite ilipoanza kuchimbwa pale miaka ya mwanzo ya 2000, wabebaji walikuwa wanaitoa mgongoni, wanatembea porini mpaka barabarani, na ndege zilitua juu ya lami pale Kilambo kuichukua. Wenye bunduki nao walikuwa pale, kila mmoja kwa zamu yake. Yule mtu wa nyuma hakukosea.

Lakini Cameron anatudanganya katika mambo mawili, na yote mawili yanapitia kwenye mti.

La kwanza: mti wake unastahili kuliliwa kwa sababu ni wa ajabu. Mti wa Roho uko mmoja, unang'aa usiku, unaunganisha wazima na wafu wao. Sawa. Na mti usiong'aa? Panda juu ya Sake uangalie vilima vya Masisi: palipokuwa pori sasa ni majani ya ng'ombe, na eukaliptusi za makala na mbao. Ile miti ya zamani haikuimba. Ilikatwa polepole, mmoja leo, mwingine kesho, na hakuna aliyepiga filimu. Kuna mti mwingine wa milima yetu, Prunus africana, ambao gamba lake linapelekwa Ulaya kutengenezwa dawa ya tezi dume ya wazee. Tangu mwaka 1995 biashara yake iko chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa sababu ukiuchuna gamba kuzunguka shina lote, unakufa. Huo mti unatumika kwa dawa ya wazee, lakini hauwaki taa. Filimu inatuzoesha kuhurumia ajabu tu, na ya kawaida tunaipita.

La pili ni zito zaidi. Mule Avatar, mwenye kuvunja anatoka nje, na hata mwenye kuokoa, yule askari Jake, anatoka nje. Wenyeji wote ni safi. Hakuna kijana wa Omatikaya anayeshika sururu kwa sababu mdogo wake amefukuzwa shule. Na mwisho Eywa anatuma wanyama, vita inaisha. Kwetu wachimbaji walikuwa nani? Ni kaka zetu.

Hapo ndipo ninamkumbuka Mwindo. Walikale ni kwa Wanyanga, na utenzi wao wa Mwindo ulirekodiwa mwaka 1956 kinywani mwa Shé-Kárisi Rureke, halafu Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene wakauchapa mwaka 1969. Wengi wetu tulisoma waandishi wa Ufaransa miaka mitatu bila kuusikia. Ndani yake muna mti pia. Mwindo, mtoto aliyetembea siku ileile aliyozaliwa, anashuka kuzimu kumtafuta baba yake, na Muisa wa kule chini anamtuma kupakua asali mtini. Akiwa juu, Muisa anatuma mshipi wake umkandamize kwenye mti. Nkuba, yaani Radi, anakuja kumsaidia rafiki yake na kuupasua ule mti vipande.

Hakuna anayeulilia. Nilipousoma mara ya kwanza nilisikitika: mti wetu wa hadithi, na unapasuliwa hivyo tu? Lakini utenzi haujaisha. Baadaye Mwindo anatamani nyama ya nguruwe pori, watu wake wanaingia msituni na kukutana na dude Kirimu, Mwindo analiua. Kumbe Kirimu alikuwa rafiki wa Nkuba. Huyuhuyu Nkuba aliyemwokoa kwenye mti ndiye anayekuja kumchukua. Mwaka mzima juu mbinguni: baridi, mvua, jua kali. Anarudi na amri: usiue tena wanyama.

Mnaona tofauti? Katika utenzi, aliyekosa ni shujaa mwenyewe. Ni mtoto wa nyumbani, alikuwa na hamu ya nyama, na anaitwa kujibu. Siyo kitabu cha kulinda mazingira, tusiupambe hivyo. Mwindo anajisifu kupita kiasi na anaua watu bila kuhesabu. Ila una nafasi ya mwenye kosa. Cameron hana.

Ninasema hivi kwa sababu na mimi nilijaribu. Mwaka jana nilianza kuandika hadithi ya njozi: nchi ya kubuni, mti wa nadra wenye utomvu wa fedha, wageni wabaya wanakuja kuukata. Nilimsomea mjomba wangu, ndugu ya mama, ambaye alibeba mizigo Bisie miaka mitatu, kilo hamsini kwa safari. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Halafu akauliza: "Mwana wa dada, na miye niko wapi mu iyo hadisi?"

Sikuwa na jibu. Hakuwa mgeni mbaya, na hakuwa yule mwenyeji safi anayeongea na majani. Pesa aliyoitoa kule ndiyo iliyonilipia mwaka wa kwanza wa chuo. Yaani na mimi niko mule.

Sasa kile kicheko cha Sake ninadhani ninakielewa kidogo. Mule chumbani walikuwemo watu waliobeba. Filimu iliwaonyesha mti wao bila kuwaonyesha wao, na mtu akiachwa nje hivyo, atafanya nini kama siyo kucheka?

Bandugu wenye kuandika, miti ya ajabu muiandike, hata yenye kung'aa. Lakini mtieni mule na mwenye shoka, mumpe jina na mama yake. Mimi ninaianza yangu upya. Safari hii mjomba ndiye wa kwanza kuingia, na mzigo wake mgongoni.