Masharti ya Ufanisi wa Ujumbe Mfupi wa Simu katika Tafiti za Afya ya Mama na Mtoto: Uhakiki kwa Mtazamo wa Nadharia ya Tendo-Uneni

1.0 Utangulizi

Tafiti za afya ya kidijitali zinazomhusu mama na mtoto kwa kawaida huuchukulia ujumbe mfupi wa simu kuwa chombo cha kubebea taarifa. Huulizwa iwapo ujumbe ulifika, na iwapo aliyeupokea alibadili mwenendo wake. Swali la lugha huachwa kando: ujumbe huo unatenda nini, nani ana nafasi ya kuujibu, na ni katika mazingira gani maneno yake hutimia. Sehemu hii inahakiki tafiti tatu zilizofanyika Zanzibar na Kenya ili kubainisha kwamba matokeo yake hayaelezeki kikamilifu bila kulijibu swali hilo. Hoja kuu ni kuwa ujumbe wa afya ni tendo la lugha lenye masharti, na kwamba pale masharti hayo yanapokosekana, wastani wa takwimu huweza kumficha mwanamke ambaye ujumbe haukumfaa.

2.0 Msingi wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na Nadharia ya Tendo-Uneni iliyoasisiwa na Austin (1962) na kuendelezwa na Searle (1969). Kwa mujibu wa Austin, kusema ni kutenda, na tendo hilo hufaulu endapo masharti yake ya ufanisi yametimizwa. Maneno ya kuozesha hufunga ndoa yanapotamkwa na mwenye mamlaka, kwa ridhaa na mbele ya mashahidi. Yakitamkwa na mpita njia hayafungi chochote. Searle anaongeza kuwa miongoni mwa masharti ya tendo elekezi, kama vile ombi au agizo, ni msikilizaji kuwa na uwezo wa kulitekeleza. Sharti hili ndilo mhimili wa uchambuzi unaofuata.

3.0 Zanzibar: Agizo na Uwezo wa Kulitekeleza

Utafiti wa Lund na wenzake (2012) ulihusisha vituo 24 vya afya ya msingi katika wilaya sita za Zanzibar. Vituo hivyo viligawanywa kwa njia ya nasibu katika kundi la afua na kundi linganishi. Wajawazito 2,550 walifuatiliwa tangu hudhurio la kwanza la kliniki hadi siku 42 baada ya kujifungua. Afua ilikuwa na sehemu mbili: ujumbe mfupi na vocha ya simu. Asilimia 60 ya wanawake wa kundi la afua walijifungua kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi, ikilinganishwa na asilimia 47 ya kundi linganishi. Taarifa iliyofuata mwaka 2014 ilionesha kuwa vifo vya watoto vya kipindi cha kuzaliwa vilikuwa 19 kwa kila vizazi 1,000 katika kundi la afua, na 36 katika kundi linganishi.

Matokeo haya ni ya thamani kubwa, kwani yanahusu uhai wa watoto. Hata hivyo, watafiti wenyewe wanabainisha kuwa ongezeko la kujifungua kwa msaada wa mhudumu mwenye ujuzi lilijitokeza kwa wanawake wa mjini, na kwamba afua haikuwafikia wanawake wa shamba kwa kipimo hicho. Hapa ndipo tofauti kati ya kupokea ujumbe na kutimia kwa ujumbe inapokuwa muhimu. Kumwelekeza mjamzito akajifungulie kituoni ni tendo elekezi. Kwa mwanamke mwenye kituo jirani, nauli na kauli katika nyumba yake, agizo hilo ni msaada. Kwa anayeshikwa na uchungu usiku, mbali na kituo, na ambaye uamuzi wa safari uko mikononi mwa mume au mama mkwe, maneno hayohayo yana msamiati uleule lakini hayana sharti la uwezo. Aidha, iwapo namba iliyoandikishwa ni ya mtu mwingine, msomaji wa kwanza wa ujumbe si mlengwa wake.

Udhaifu mwingine ni wa muundo wa utafiti. Ujumbe na vocha vilitolewa pamoja; kwa hiyo haiwezekani kubaini ni kipi kilichochangia zaidi. Kwa mtazamo wa nadharia, viwili hivi ni vitu tofauti kabisa. Ujumbe humfanya mama kuwa msikilizaji, ilhali vocha humwezesha kuwa msemaji anayeanzisha mazungumzo. Kuviweka katika fungu moja ni kuchanganya kuambiwa na kusema.

4.0 Nairobi: Kauli na Mazungumzo

Utafiti wa Unger na wenzake (2018) unasaidia kuijaza pengo hilo kwa kiasi fulani. Wajawazito 300 wa Nairobi waligawanywa katika makundi matatu: waliopokea ujumbe wa upande mmoja, waliopokea ujumbe na kuweza kuujibu, na kundi linganishi. Asilimia 98 walijifungulia katika vituo vya afya, bila tofauti kati ya makundi. Kwa kipengele hiki ujumbe haukuwa na la kuongeza, kwa kuwa karibu kila mshiriki alikwenda kituoni, awe ameelekezwa kwa simu au la.

Tofauti ilijitokeza katika kunyonyesha maziwa ya mama pekee. Ujumbe wa upande mmoja ulihusishwa na ongezeko katika wiki ya 10 na ya 16. Ule wa pande mbili ulihusishwa na ongezeko katika wiki hizo na hata wiki ya 24. Kunyonyesha si tendo la siku moja. Huambatana na chuchu kuuma, mtoto kulia usiku na ndugu kushauri apewe uji. Agizo lililotolewa mara moja haliwezi kuyatabiri yote hayo, bali mama anayeweza kuuliza huyaleta mwenyewe. Ingawa washiriki ni wachache, mwelekeo huu unaunga mkono dai kuwa nafasi ya kujibu ni sehemu ya tiba.

5.0 “Mambo?”: Uteuzi wa Maneno

Utafiti wa Lester na wenzake (2010) nchini Kenya haukuhusu uzazi, bali watu wazima 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Unaingizwa hapa kwa sababu muundo wake wa lugha uko wazi. Kila wiki washiriki wa kundi la afua walitumiwa neno “Mambo?” na kutakiwa kujibu “Sawa” au “Shida” ndani ya saa 48. Asilimia 62 yao walizingatia dawa, dhidi ya asilimia 50 ya kundi linganishi.

Katika maamkizi ya Kiswahili, aulizwaye hali hutanguliza jibu la heri hata akiwa na msiba. Dhiki hufuata baada ya “ila” au “lakini”. Kwa kuikubali “Shida” kuwa jibu la kwanza, utafiti ulimpa mgonjwa ruhusa ambayo mila ya maamkizi humnyima. Vilevile, salamu isiyotaja ugonjwa humsitiri mpokeaji iwapo simu itaangukia mikononi mwa mwingine. Kasoro yake ni rejista: “Mambo?” ni salamu ya marika. Ikihamishiwa kwa mama mtu mzima, yaweza kupokewa kama utovu wa adabu, na salamu iliyokataliwa haizai jibu.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umebainisha kuwa simu imechangia kuboresha huduma kwa mama na mtoto pale ambapo maneno yake yalikuta uwezo wa kuyatekeleza na nafasi ya kuyajibu. Tafiti zijazo hazina budi kutenganisha ujumbe na njia ya kujibu, kuwasilisha matokeo ya mjini na ya shamba kila moja peke yake, na kuyachapisha maneno yenyewe yaliyotumwa ili yahakikiwe. Bila hivyo, mwanamke wa shamba ataendelea kuhesabiwa miongoni mwa waliofikiwa, hali yeye bado yuko nyumbani akisubiri usafiri.